Breki ya Mkono Hutengenezwa Kwenye Gurudumu

Ilula iko kandokando ya barabara kuu ya TANZAM, wilayani Kilolo. Anayetoka Morogoro huifikia akishaumaliza Mlima Kitonga, kabla ya kuingia Iringa mjini. Ni mji wa nyanya na vitunguu, na kwa sababu hiyo ni mji wa magari yaliyosimama: pikapu, Noah, Kirikuu na Canter zinazosubiri kupakia pembeni mwa lami au kwenye njia za udongo zinazotoka mashambani. Katika mazingira kama hayo hendibreki hupimwa kwa namna ambayo dereva wa tambarare hawezi kuijua. Chukua gari la tani moja lililosimama kwenye mteremko unaoshuka mita 10 katika kila mita 100. Uzito wake hulivuta kuelekea chini kwa nguvu inayokaribia ile ya mzigo wa kilo 100. Likipakiwa matenga ya nyanya hadi kufika tani moja na nusu, mvuto huo unakuwa kama kilo 150, ilhali hendibreki inashika kwa nguvu ileile iliyokuwa nayo asubuhi. Ndiyo maana gari lililotulia likiwa tupu huanza kutembea mchana bila kuguswa na mtu. Watu husema breki imekatika ghafla. Mara nyingi hakuna kilichokatika. Breki ilikuwa dhaifu tangu siku nyingi, na mzigo ndio uliouonyesha udhaifu huo.

Dereva wa gari la zamani anapoona mkono wa hendibreki unapanda juu sana bila kushika, dawa inayomjia kwanza ni kukaza nati ya kebo. Fundi hufungua kiboksi kati ya viti, huzungusha nati kwa spana, mkono unarudi kuwa mgumu, na kazi imeisha kwa dakika 10. Hoja yangu ni kwamba tiba hiyo, ikifanywa kabla ya kufungua magurudumu ya nyuma, huficha ugonjwa na mara nyingi huuongeza. Mkono uliolegea ni dalili tu. Chanzo chake kwa kawaida kimo ndani ya dramu, ambako hakuna anayetazama kwa sababu hakuonekani.

Tuangalie jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Iwe hendibreki ya kuvuta katikati ya viti, ya fimbo chini ya dashibodi kama kwenye Hiace nyingi, au ya kukanyaga, mkono huvuta kebo, nayo kebo hugawanyika kwenda magurudumu mawili ya nyuma. Ndani ya kila dramu kebo huvuta wenzo mdogo uliofungwa kwenye breki shuu. Wenzo huo hutanua shuu zote mbili hadi lainingi zake zigandamane na ukuta wa dramu. Hakuna mafuta wala upepo katika safari hiyo. Ni chuma kinachovuta chuma. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulitaka breki ya kuegesha ishikiliwe na chuma tupu, kwa sababu mafuta yanaweza kuvuja usiku kucha na gari likabaki bila kinga. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kutengeneza magari madogo zinataka breki hiyo ishike gari likiwa na mzigo wake kamili kwenye mteremko wa mita 20 kwa kila 100. Kwa hiyo gari lako lilipotoka kiwandani lilikuwa na uwezo mkubwa. Linaposhindwa kusimama kwenye mwinuko wa kawaida, kuna kitu kimelipungukia njiani, na hicho ndicho cha kutafutwa.

Lainingi zinapolika, nafasi kati yake na dramu huongezeka. Waundaji walilijua hilo, wakaweka ajasta, kijiti chenye gurudumu dogo la meno ambacho hurefuka kidogo kidogo kufuata ulaji wa lainingi. Katika Toyota nyingi ndogo za miaka ya 1990 zenye dramu nyuma, ajasta hiyo husogezwa na wenzo wa hendibreki wenyewe. Katika nyingine husogezwa na kanyagio. Kwa vyovyote vile, ajasta hufanya kazi ikiwa tu wenzo ule, mkono ukishushwa, unarudi mpaka mwisho wa nafasi yake. Ukikaza kebo kupita kiasi ili kufidia lainingi zilizokwisha, wenzo haurudi tena. Umening'inia nusu njia siku zote, na ajasta imefungwa. Lainingi zinaendelea kulika, nafasi inaendelea kupanuka, na sasa hata kanyagio la breki linaanza kuzama chini zaidi kabla ya kushika. Dereva aliyedhani anarekebisha breki ya kuegesha amegusa breki ya kuendeshea bila kujua, na huyu ni mtu ambaye huenda kesho anashuka Kitonga kwenda Mahenge.

Njia sahihi ni ndefu kidogo lakini haina uchawi. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kabari au mawe mbele na nyuma, kisha nyuma painuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingiza mikono chini ya gari. Mkono ushushwe kabisa na nati ya kebo ilegezwe mpaka kebo iwe huru, ndipo dramu zitolewe. Hapo ndipo ukweli unapoonekana. Lainingi zikiwa zimelowa mafuta mazito ya difu, oili sili ya ekseli imekufa. Zikiwa zimelowa mafuta ya breki, silinda ya gurudumu inavuja. Katika hali zote mbili hakuna nati duniani itakayoifanya hendibreki ishike, maana unabana utelezi. Lainingi zilizolowa zibadilishwe, na kwa magurudumu yote mawili, baada ya uvujaji wenyewe kuzibwa. Vumbi lililojaa ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu, kwa hiyo lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji. Ajasta isafishwe, ipakwe grisi kidogo kwenye nyuzi zake, na ionekane kwamba inazunguka kwa vidole.

Baada ya dramu kurudishwa, shuu ndizo zinazorekebishwa kwanza. Kupitia tundu dogo nyuma ya gurudumu, ajasta huzungushwa kwa bisibisi hadi gurudumu likwame, kisha hurudishwa nyuma. Utaratibu wa Toyota kwa baadhi ya magari yake ni kurudisha meno 8. Gurudumu linapaswa kuzunguka kwa mkono bila kukwaruza, na magurudumu yote mawili yawe sawa. Baada ya hapo tu ndipo nati ya kebo inaposhikwa, ikazwe mpaka mkono ushike ndani ya meno takriban 5 hadi 8, kwa kuuvuta kwa nguvu ya kawaida ya mtu mzima. Ukiwa chini kabisa, magurudumu yazunguke huru. Gurudumu moja likikwama kabla ya lingine, kebo ya upande mmoja imeshikwa na kutu au ajasta hazikulingana. Fundi mwenye subira hurudi kutazama kabla ya kushusha gari.

Kutu ya kebo inastahili maelezo yake, kwa sababu magari mengi yanayotembea Nyanda za Juu Kusini yalikwisha kuishi maisha mengine kabla ya kuja. Gari lililotoka Japani linaweza kuwa limetoka kaskazini, kwenye baridi kali, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu na madereva hushauriwa kutovuta hendibreki wakati wa theluji isije ikaganda. Kebo isiyovutwa miezi kwa miezi, ndani ya chumvi na unyevu, huanza kuoza ndani ya ganda lake. Huku kwetu mvua za Novemba hadi Aprili zinaleta tope linaloingia pale ganda lilipopasuka, na kiangazi kinaleta vumbi jekundu linalokaukia humohumo. Kebo ya namna hiyo huvutika kwa shida na hurudi kwa shida zaidi. Kumwagia mafuta juu ya ganda hakuifufui. Ikishaanza kukwama, ibadilishwe.

Siyo kila gari lina muundo huu. Land Rover za zamani, ambazo bado zinafanya kazi vijijini, na Canter nyingi zina dramu moja tu ya hendibreki nyuma ya giaboksi, inayoshika propela. Adui mkubwa pale ni oili sili iliyo jirani nayo, inayodondosha mafuta ndani ya dramu. Jambo moja kuhusu breki hizi ni la hatari kiasi kwamba natamani kila utingo alijue: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huruhusu gurudumu hilo lizunguke upande mmoja na lile lililo chini lizunguke upande mwingine, propela ikiwa imesimama palepale. Gari linaweza kuondoka juu ya jeki huku hendibreki ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Kabari kwenye magurudumu hapo ni lazima. Magari kama Mark II na Prado zenye diski nyuma nayo yana jambo lake: ndani ya diski mna shuu ndogo za hendibreki pekee, ambazo haziliki sana kwa sababu hufanya kazi gari likiwa limesimama, lakini hupata kutu na kuteleza. Toyota huelekeza kwamba shuu hizo zikiwekwa mpya, gari liendeshwe kwa kilomita 50 kwa saa kwenye barabara tupu iliyo kavu, kitufe cha mkono kikiwa kimebonyezwa na mkono umevutwa kidogo tu, kwa umbali wa mita 400 hivi, mara mbili au tatu, ili lainingi na chuma vikubaliane.

Wapo watakaosema haya yote ni usumbufu wa bure, kwa kuwa gari la manyuo likiachwa kwenye gia halitembei. Halitembei haraka, ni kweli. Kinacholizuia ni mgandamizo wa hewa ndani ya silinda za injini, na injini kuukuu yenye ringi zilizokwisha huupoteza mgandamizo huo polepole. Gari husogea kidogo, hutulia, husogea tena. Mwenye gari la otomatiki hutegemea P, bila kufikiri kwamba P ni kipande kidogo cha chuma kinachoingia kwenye jino moja ndani ya giaboksi. Kubebesha kipande hicho gari lenye mzigo kila siku ni kukichosha, na ule mshindo unaosikika unapoitoa P mlimani ndio ushahidi. Shikilia kanyagio, weka N, vuta hendibreki, achia kanyagio uzito utulie kwenye breki, kisha ndipo uingize P. Gia na P ni wasaidizi wazuri wa hendibreki, wala siwakatai.

Jiwe nalo lina watetezi wengi, na yeyote aliyesafiri kati ya Iringa na Mbeya ameona utingo akiruka na jiwe mkononi kabla gari halijasimama sawasawa. Utingo huyo ameokoa magari mengi. Lakini jiwe linahitaji mtu wa pili. Dereva aliye peke yake, mguu ukiwa kwenye kanyagio, hawezi kushuka kulitafuta, na anayejaribu kukimbia ili aliwahi gurudumu linaloanza kuzunguka anajiweka mahali pabaya kuliko pote. Isitoshe, mawe huachwa barabarani gari likiondoka, na gizani yanamsubiri mwenye pikipiki. Kwenye foleni ya kupanda kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini, ambako gari husimama na kuondoka mara kadhaa, hakuna jiwe linaloweza kumsaidia dereva asirudi nyuma na kumgonga aliye nyuma yake.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa wale waliowahi kuvuta hendibreki jioni na asubuhi gari likakataa kuondoka. Wana haki ya kuiogopa. Dramu iliyopata moto kwenye mteremko mrefu hutanuka. Mkono ukivutwa kwa nguvu papo hapo, dramu inapopoa hubana juu ya shuu. Lainingi zilizolowa mvua zikiachwa zimeganda kwenye dramu kwa wiki kadhaa hushikana nayo kwa kutu. Kwa hiyo aliyetoka kushuka Kitonga na kusimama Mahenge aanze kwa gia na kabari, breki zipoe, ndipo avute mkono. Gari linalolazwa kwa muda mrefu liachwe mahali tambarare, mkono ukiwa chini na magurudumu yamezuiwa. Lakini kuacha kabisa kuitumia, au kumwambia fundi aikate kebo, ni kuhakikisha kwamba haitashika siku itakayohitajika, maana kebo na ajasta huishi kwa kutembea.

Inabaki gharama. Kufungua magurudumu mawili kunagharimu kuliko kuzungusha nati, na kwa anayeishi kwa gari lake hiyo ni siku ya kazi iliyopotea. Hata hivyo oili sili iliyobadilishwa mapema huokoa lainingi zote za upande huo, na silinda inayovuja ikigunduliwa kwenye karakana haigunduliwi kwenye mteremko. Baada ya matengenezo hesabu meno ya mkono na uyakumbuke. Yakiongezeka mawili au matatu ndani ya wiki chache, usiiguse nati. Rudi ukafungue dramu, kwa sababu lainingi haziliki kwa kasi hiyo bila sababu.