Mtihani wa Uhasibu na Chungu cha Maharagwe

Huku kwetu Kanama, wilayani Rubavu, alfajiri huwa na baridi hata mtu hutamani kubaki chini ya blanketi mpaka jua lipande juu ya vilima. Hata hivyo, tangu mwaka 2022 nimekuwa nikiamka saa kumi za alfajiri, nikawasha taa ndogo mezani na kufungua vitabu vya uhasibu kabla jogoo wa jirani hajawika. Sisemi haya kwa kujisifu. Wapo wenzangu wengi, walimu, makarani, askari na wake wa askari, wanaofanya vivyo hivyo bila ya kuonekana na mtu. Yafaa jambo hili liandikwe katika ukurasa wa nyumbani, maana mtihani wa fedha hufanyiwa ukumbini lakini matayarisho yake yote yako nyumbani, baina ya kitanda cha mtoto na chungu kilicho motoni.

Mimi ni mwalimu kwa mafunzo. Nilipata cheti cha ualimu, nikafundisha shule ya msingi miaka kadhaa, kisha nikapewa kazi ya kutunza hesabu za shule. Mama watoto ni askari polisi. Tuna watoto wawili: wa kwanza yuko darasa la nne, na wa pili ndiyo kwanza anajifunza kula kwa mkono wake mwenyewe na kumwaga kilichobaki. Nyumba yetu ina vyumba vitatu, na kimoja bado hakijaezekwa. Chumba hicho nitakitaja tena.

Kwanza niseme kwa nini mtu mwenye kazi ajitie katika taabu hii. Hapo zamani karani mwaminifu mwenye mwandiko mzuri alitosha kuzitunza fedha za umma. Siku hizi hatoshi. Tanzania ilitunga sheria ya wahasibu na wakaguzi mwaka 1972, ndipo ikazaliwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Kenya ilikuwa imekwisha kuunda baraza lake la mitihani mwaka 1969. Uganda ilipata sheria yake mwaka 1992. Sisi Rwanda tulichelewa, kwa sababu ambazo kila mmoja wetu anazijua, na Chama cha Wahasibu wa Umma, kwa kifupi ICPAR, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwaka 2011 vyama vya wahasibu vya Afrika Mashariki vilitia saini makubaliano ya kutambuana, ili mhasibu aliyefuzu upande mmoja wa mpaka asihesabiwe mjinga upande wa pili. Kwa hiyo anayefuzu kwa jina la CPA amepata cheti kinachosafiri.

Njia yenyewe ina ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Mwenye shahada ya uhasibu huweza kusamehewa masomo fulani. Aliyetoka kwenye ualimu kama mimi huanzia chini kabisa. Ipo pia njia fupi zaidi ya fundi mhasibu, iitwayo CAT, na kwa maoni yangu askari au mke wa askari ambaye hajawahi kugusa leja angeanza na hiyo. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Kwetu sisi wa rika langu hilo ni lindi la pili ndani ya lindi la kwanza, kwa kuwa tulianza kusoma kwa Kifaransa, na ilikuwa mwaka 2008 ndipo serikali ilipoamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Mara nyingi nilijua jibu kwa Kinyarwanda, nikaweza kulieleza kwa Kiswahili sokoni Mahoko, nikashindwa kuliandika mahali lilipotakiwa.

Sasa nieleze jinsi nilivyosoma, maana ndipo penye faida.

Elimu hii ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kulia na upande wa kushoto, si ngeni duniani. Mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, aliichapisha kitabuni huko Venice mwaka 1494, akieleza yale ambayo wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wakiyafanya tayari. Nilipolisoma jambo hilo nilipata moyo. Nilijiambia kwamba kama wachuuzi wa viungo na vitambaa waliielewa kwa mwanga wa mshumaa, basi mimi pia nitaielewa.

Lakini sikuielewa vitabuni. Niliielewa ghalani. Tangu mwaka 2021 mpango wa chakula cha mchana shuleni ulipopanuliwa, hesabu za shule zimejaa maharagwe, mahindi, mafuta na kuni. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Tuseme gunia la kilo 90 liliingia ghalani mwezi wa Juni kwa faranga 90,000, na siku ya kufunga vitabu zimebaki kilo 60. Karani wa zamani huandika kwamba shule imetumia faranga 90,000, kwani fedha zimekwisha toka. Mhasibu husema sivyo. Zilizoliwa ni kilo 30, kwa hiyo gharama ya mwaka huu ni faranga 30,000, na zile faranga 60,000 bado ni mali ya shule, zimekaa gunini zikingojea mwaka mpya. Basi! Sura nzima ya kitabu iliyonitesa majuma matatu ilikuwa ni gunia lile. Tangu siku hiyo, kila kanuni niliyokutana nayo niliitafutia mahali nyumbani kwangu. Kodi ya nyumba iliyolipwa mbele ni maharagwe yasiyoliwa. Umeme uliotumika ambao haujalipiwa ni maharagwe yaliyoliwa kwa mkopo.

Uchakavu wa mali nilijifunza kwa cherehani ya mama watoto. Tuseme ilinunuliwa kwa faranga 120,000, tunatazamia itatumika miaka 8, na mwishowe itauzwa kwa faranga 24,000. Ondoa 24,000, zinabaki 96,000. Gawa kwa 8, unapata 12,000 kila mwaka. Hiyo ni njia iliyonyooka. Njia ya pili hukata asilimia ya thamani iliyobaki: kwa asilimia 20, mwaka wa kwanza zinakatwa 24,000, mwaka wa pili 19,200, mwaka wa tatu 15,360. Mwanangu alisimama kando akitazama daftari, kisha akaiendea cherehani akaizunguka. Akaniuliza, “Baba, imepungua wapi?” Nikacheka, lakini swali lake lilinilazimu kueleza kwa maneno mepesi kwamba chuma hakikupungua, ila kazi iliyobaki ndani yake. Mwaka ule swali la uchakavu lilitokea mtihanini, na nililijibu kama ninayezungumza na mtoto yule.

Kuhusu saa. Mhasibu wa shule hurejea nyumbani jioni, na jioni si yake. Mama watoto akiwa na zamu ya usiku, mimi ndimi ninayepika, ninayeogesha na ninayesimamia kazi za shule za mtoto. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda. Mwezi wa Juni ofisi hufunga vitabu, na hapo usitegemee hata nusu saa. Nilijaribu kusoma usiku nikawa ninasinzia juu ya leja. Ndipo nikahamia alfajiri. Saa mbili kila siku, siku tano kwa juma. Juma likiharibika kwa homa ya mtoto au kwa msiba, nililiacha liende na sikulipia deni lake kwa kukesha, kwani aliyekesha siku ya Jumatatu hukosea risiti siku ya Jumanne, na fedha zile ni za watoto wa watu.

Jirani yetu ana njia yake, nayo naisifu. Mumewe ni mwanajeshi aliyepelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati katika jeshi la kulinda amani, naye amebaki na watoto watatu na darasa la kufundisha. Yeye husoma masomo yake kwa sauti ndani ya simu, kisha huyasikiliza anapomenya viazi. Ukipita dirishani pake jioni utasikia sauti yake mwenyewe ikimfundisha sheria za kodi, na yeye akiibishia. Mumewe anapopiga simu, kabla ya kuulizwa habari za nyumbani, huulizwa swali moja la hesabu kutoka kwenye orodha aliyotumiwa. Sijui huyajibu vipi huko aliko, lakini mama huyo amekwisha kufaulu masomo mengi kuliko mimi.

Nilifanya mtihani wa kwanza mwishoni mwa mwaka 2022, masomo mawili, nikachagua kufanyia Kigali kwa kuwa dada yangu anakaa huko na angenilaza. Ada pamoja na nauli zilitoka katika fedha za mabati ya kile chumba kisichoezekwa. Mama watoto ni mwanachama wa Zigama, benki ya akiba na mikopo ya askari iliyoanzishwa mwaka 1997, na angeweza kuomba mkopo mdogo. Tulikataa sote wawili. Naona si vyema kukopa ada ya mtihani ambao hujasoma hata nusu ya mafunzo yake. Mkopo hulipwa ufaulu usifaulu.

Matokeo yalipotoka, somo moja nilipata alama 58. La pili nilipata 46, na kufaulu ni 50.

Siku hiyo nilikaa katika kile chumba kisicho na mabati nikitazama mawingu. Mama watoto alirudi kazini, bado amevaa sare, akanikuta. Hakunipa pole. Aliniuliza, “Umekosa alama ngapi?” Nikamjibu, nne. “Na maswali mangapi hukuyagusa?” Nikasema, moja. Akavua kofia, akaiweka juu ya tofali, akasema, “Basi, Baba, hukushindwa na hesabu. Umeshindwa na saa.”

Alikuwa amesema kweli. Karatasi ile ilidai maswali matano ya alama 20 kila moja kwa muda wa saa tatu, ukiacha dakika 15 za kusoma. Dakika 180 kwa maswali matano ni dakika 36 kwa swali. Mimi nilikutana na mizania ambayo pande zake mbili hazikulingana, nikaikimbiza saa nzima nikitafuta kosa. Nililikuta kosa, ndiyo, mizania ililingana. Ila swali la tano lilibaki jeupe, na kumbe yule asahihishaye hutoa alama kwa kila hatua iliyo sawa hata kama jumla ya mwisho imepotoka. Mhasibu kazini haruhusiwi kulala pande zisipolingana. Mtihanini yampasa aziache na kwenda mbele, na jambo hilo ni gumu kwa mtu aliyezoea kazi yake. Nilianza kujipima kwa saa ya jikoni: dakika 36, ikilia naacha hata katikati ya mstari.

Kisha ukaja mwezi wa Mei 2023. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 mvua ilinyesha bila kukoma, mto Sebeya ukavunja kingo zake ukaingia katika nyumba za watu. Katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini walikufa watu zaidi ya 130. Mama watoto aliitwa kazini, akarudi baada ya siku mbili, matope yamemkauka mpaka magotini, akalala bila kula. Madaftari yangu nilikuwa nimemwazima mwenzangu tuliyesoma pamoja, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na mto. Yeye na jamaa yake waliokoka, nyumba haikubaki. Alipokuja kwangu kitu cha kwanza alichosema ni kuomba radhi kwa ajili ya madaftari. Niliona haya kuisikia radhi hiyo.

Hatukujiandikisha kwa mtihani uliofuata. Fedha zilizokuwa zimewekwa kando zilikwenda kununua magodoro na sufuria. Kwa miezi kadhaa mwenzangu aliishi kwetu na familia yake, watu wanane katika vyumba viwili, na alfajiri tulikaa sote wawili kwenye meza moja tukiyaandika upya masomo yale kwa kukumbuka, huyu akisahau yule akitaja. Tulipolikosa jambo kabisa ndipo tulipokwenda kwenye simu kutafuta mitihani ya miaka ya nyuma na majibu yake. Nikikumbuka, sijapata kusoma vizuri kama wakati ule, ingawa mtoto wake mchanga alikuwa akilia kila siku saa kumi na moja kama kengele.

Tuliporudi Kigali pamoja, tulipanda basi la kwanza, naye alinishikia saa njiani tukifanya maswali magotini mpaka Musanze, ambako nilishikwa na kichefuchefu tukaacha. Somo lile la alama 46 nililipata kwa 61. Yeye alikosa kwa alama mbili, akalirudia, akalipata.

Leo nimemaliza ngazi ya msingi na nimeingia ya kati. Chumba bado hakina mabati. Tumekiwekea turubai, na kuku wamehamia humo. Mtoto wa kwanza amejifunza kwamba Baba akiwa na saa ya jikoni mezani haulizwi kitu mpaka ilie, naye huikodolea macho kuliko mimi. Kikao kijacho nina masomo mawili. Mama watoto ana zamu za usiku juma hilo zima, na mama mkwe amekwisha kuleta habari kwamba atafika siku ya Jumapili, pamoja na debe la maharagwe.