Patro wa timu hashiki usukani: kazi ya Ove Andersson, toka Safari Rally mpaka Formula 1

Bandugu wenye lisansi na wanafunzi, leo tuache kidogo mnyauko wa ndizi. Ku universite tulisoma udongo, mbegu na magonjwa ya kahawa. Lakini wengi wetu tukipata kazi hatupewi shamba, tunapewa watu, gari na budje, halafu tunaambiwa: ongoza. Kuongoza ni kufanya nini hasa? Nitajibu kwa mfano wa patro wa timu ya mbio za magari. Musicheke, mutaona.

Ove Andersson alizaliwa Uppsala, Sweden, mwaka 1938. Alianza kama shofere. Mwaka 1971 alishinda Monte Carlo na gari la Alpine, na mwaka 1975 akashinda Safari Rally kule Kenya na Peugeot 504, ile ile ambayo wazee wetu waliisifu sana. Lakini wakati huo alikuwa tayari na kampuni yake ndogo ya kutayarisha magari ya Toyota kwa mbio za Ulaya. Mwaka ule ule 1975, Toyota Corolla ikiendeshwa na Hannu Mikkola ilishinda rally ya Maziwa Elfu kule Finland. Baadaye kampuni ilihamia Köln, Ujerumani, ikajulikana kama Toyota Team Europe. Munaona, Andersson hakungoja kazi ku mlango wa Toyota. Alikuwa na kampuni, Toyota ikampa kazi ya kufanya, na mpaka 1993 ndipo Toyota ikanunua kampuni yenyewe.

Sasa kazi ya patro. Ya kwanza ni kuchagua mahali pa kupigania, na hapa ndipo ninamupenda huyu mzee. Miaka ya 1980, Audi na Peugeot walikuwa na magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Celica yake ilisukumwa na ya nyuma tu. Kule Ulaya, kwenye theluji na kona nyingi, ingepigwa kila juma. Kwa hiyo alielekeza nguvu yake Afrika, mahali ambapo gari ngumu na watu waliojipanga wanaweza kushinda gari la mbio zaidi. Björn Waldegård alishinda Safari 1984 na 1986, Juha Kankkunen 1985, na Côte d'Ivoire pia Celica ile ilishinda mara tatu. Hiyo si bahati. Ni mtu aliyejua udhaifu wa gari lake, akautafutia barabara.

Ya pili ni kila kitu kinachofanyika mbele gari haijatoka. Safari ya wakati ule ilikuwa maelfu ya kilomita, na barabara haikufungwa: unakutana na basi, ng'ombe, punda, mvua ya Pasaka. Timu ilifika mapema, ikajaribu njia, ikapanga mafundi, mapine na mafuta huku na huku, na helikopta ikaruka mbele ya gari ili kumuonya shofere. Shofere alipewa kombe, lakini kombe lilianzia kwenye karatasi ya mtu aliyehesabu mapine.

Kwa mtu wa Butembo hii haihitaji maelezo marefu. Mukituma kamio kuchukua kakao upande wa Beni, nani amehakikisha pine ya akiba? Mvua ikinyesha, magunia yatafunikwa na nini? Gari ikikwama ku matope, nani ataitwa, na ana pesa mkononi? (Na barabara yetu ina hatari zingine ambazo shofere wa Safari hakuzijua.) Boyi-shofere mzuri anajua majibu haya kuliko sisi wenye memwari ya kurasa themanini.

Ya tatu ni ngumu: kujibu kwa ajili ya kitu kilichofanyika chini yako. Mwaka 1995, Toyota ikishiriki rally ya Catalunya, wakaguzi wa FIA walikuta udanganyifu ku turbo. Sheria ilitaka hewa yote ipite kwenye tundu la milimita 34 tu. Timu ilitengeneza kifaa chenye springi kilichoruhusu hewa nyingine kupita pembeni, na ukikifungua kukitazama, kinarudi mahali pake kama kawaida. Alama zote za mwaka zilifutwa, na timu ikafungiwa miezi 12. Mashofere mabingwa na fundi wa kuosha magari walipoteza pamoja. Kwangu mimi, patro hawezi kusema tu "sikuona", maana kazi yake ndiyo kupanga nani anaona. Andersson alibaki, akajenga upya, na mwaka 1999 Toyota ilikuwa tena bingwa wa dunia wa watengenezaji, ikashika pia nafasi ya pili Le Mans.

Formula 1 ilikuwa habari nyingine. Walianza Melbourne 2002, Mika Salo akapata alama moja siku ya kwanza, Köln yote ikafurahi. Andersson aliacha uongozi 2003, na Toyota ikatoka 2009 bila ushindi hata mmoja, hata kama pesa zilikuwa nyingi sana. Ninafikiri kule hakukuwa na barabara ya matope ya kuchagua.

Alikufa mwezi wa sita 2008 Afrika Kusini, akishiriki mbio za magari ya zamani. Alikuwa na miaka 70.