Bibi Aliposikia Habari za Mzinga

Kaka yangu yuko jeshini hapa Uingereza, kikosi cha mizinga. Bibi kule Tanga akaniuliza kwenye simu: "Kwani anafuga nyuki?" Nilicheka mpaka basi, ila ilibidi nimweleze.

Mzinga wao ni Archer, wa Sweden. Uingereza ilinunua 14 mwaka 2023, baada ya kuipa Ukraine mizinga yake ya AS-90. Unabebwa na lori la magurudumu sita, na unapiga makombora ya milimita 155.

Siku hizi ukipiga tu, rada ya adui inafuata njia ya kombora mpaka ijue ulipo. Ndiyo maana mzinga huu unajipakia wenyewe. Watu watatu au wanne wanabaki ndani ya kebini ya chuma. Lori linasimama, linapiga baada ya nusu dakika hivi, halafu linatimua mbio.

"Kwa hiyo mjukuu wangu anapiga, anakimbia?"

"Ndiyo, bibi. Ndiyo salama yake."

Akanyamaza kidogo. "Na walio kule linakoangukia, wao wanapewa sekunde ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipomuuliza kaka, akabadilisha mada.