Tumbo la Mtoto na Ngano: Mpime Kwanza Kabla ya Kumwondolea Chapati

Mzazi, huenda umewahi kuona jambo hili. Mtoto wa miaka miwili anaharisha kwa wiki kadhaa, tumbo limefura, mikono na miguu imekonda, na kila saa analia. Amepewa dawa ya minyoo lakini hakuna nafuu. Jirani anasema, "Hiyo ni chapati. Mwondolee ngano." Huenda jirani amekisia sawa. Hata hivyo, ukimwondolea ngano kabla ya vipimo, unaweza kuficha ugonjwa wenyewe.

Gluteni ni nini?

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike unapokandwa. Watu wengi huila bila shida. Lakini kwa mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki, gluteni huifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mwembamba. Sehemu zinazofyonza chakula huharibika, hivyo mtoto anakula lakini mwili haunufaiki.

Dalili ni pamoja na kuharisha au kufunga choo kwa muda mrefu, choo chenye harufu kali, kutapika, upungufu wa damu na kutoongezeka uzito. Ugonjwa huu hauambukizi, na si kosa la mama. Uwezekano wa kuupata ni mkubwa zaidi ikiwa mzazi au ndugu wa mtoto anao, au mtoto ana kisukari cha aina ya kwanza.

Anzia kituo cha afya

Beba kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mstari wa uzito unaonyesha mtoto alianza kudhoofika lini. Minyoo, amiba, kifua kikuu na virusi vya ukimwi pia huleta dalili kama hizi, kwa hiyo usishangae mhudumu akianza na hayo. Akishuku siliaki, atakupa rufaa ya kumwona daktari wa watoto.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachotafuta kingamwili maalumu. Pengine daktari atahitaji pia kuchukua kipande kidogo sana cha utumbo kwa kutumia mpira mwembamba wenye kamera, mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Vipimo hivi havifanywi katika kila kituo, kwa hivyo uliza mapema vinafanyiwa wapi, gharama yake, na kama bima yako ya SHA inahusika.

Kwa nini asiache ngano mapema?

Mtoto akiacha ngano, kingamwili hupungua na utumbo huanza kupona. Kipimo kinaweza kuonyesha hana ugonjwa, kumbe anao. Aendelee kula ngano hadi daktari aseme vipimo vimekamilika. Kama umeshaiondoa, mweleze daktari.

Tahadhari: mtoto anayevimba midomo, kutokwa na vipele au kupumua kwa shida punde tu baada ya kula ngano huenda ana mzio. Huyo asipewe ngano tena, na apelekwe hospitalini mara moja. Vilevile, mtoto anayeharisha hadi macho yakazama au akalegea asisubiri siku ya miadi.

Siku ya kutolewa damu, usimtishie mtoto kwa sindano wala usimdanganye kwamba haitauma. Mwambie, "Itauma kidogo, kisha itaisha." Mpakate na umwimbie.

Chakula baada ya majibu

Ikithibitishwa ni siliaki, tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Habari njema ni kwamba vyakula vyetu vingi havina gluteni: ugali wa mahindi, wimbi au mtama, mihogo, viazi vitamu, ndizi, wali, maharagwe, omena, kuku, mayai, maziwa, mrenda na kunde. Huhitaji kununua vyakula vya bei ghali vya supamaketi.

Vya kuacha ni chapati, mandazi, mkate, biskuti, keki na tambi za ngano. Soma pakiti za soseji, unga wa uji uliochanganywa na vinywaji vya kimea, kwa kuwa huenda vina ngano au shayiri. Nafaka za uji zisage mahali ambapo mashine haisagi ngano. Usipike chakula chake kwa mafuta yaliyokaanga mandazi, na sufuria na mwiko vioshwe vizuri.

Kazi ngumu mara nyingi iko nje ya jikoni lako. Nyanya atamhurumia ampe kipande cha chapati siku ya Krismasi, na mwalimu wa chekechea atagawa biskuti. Waeleze mapema kwamba hata kipande kidogo kinamdhuru, kisha mfungie mtoto kiazi kitamu au ndizi aende nayo, asibaki akiwatazama wenzake wakila.

Mrudishe kliniki apimwe uzito na urefu kama ulivyoelekezwa. Watoto wengi huanza kupata nafuu wiki chache baada ya kuacha gluteni. Ukiwa na swali, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako au fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.