Divai haikauki: Msamiati wa kuonja nilioukuta Dodoma

NILIKWENDA Dodoma kutahini tasnifu, nikarudi na aibu mfukoni. Aibu yenyewe ni neno moja tu, tena neno nililolibuni mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, hoteli moja ya Pwani iliniomba niitafsirie menyu yake kwa Kiswahili. Vyakula havikunisumbua. Vinywaji ndivyo vilivyonitoa jasho. Kiingereza huiita divai isiyobakiwa na sukari kwa neno lile lile la nguo iliyoanikwa ikakauka. Nami, kwa uvivu ambao nisingemsamehe mwanafunzi wangu, nikaandika "mvinyo mkavu". Nikalipwa, nikashukuru, nikasahau.

Sasa turudi Dodoma. Mtahiniwa alipopita (hongera zake), mwenyeji wangu wa chuoni aliniambia, "Prof, huwezi kuondoka hapa hujaonja zabibu yetu." Tukaelekea nje ya mji kwenye kiwanda kidogo cha mama mmoja na wanawe. Ukisikia kiwanda usifikirie mabomba ya moshi. Ni nyumba ya kuishi watu, na nyuma yake banda la bati lenye matangi matatu ya chuma kisichoshika kutu, mapipa ya plastiki, mashine ya kuponda zabibu na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. "Mbukwa!" mama akatusalimu kwa Kigogo, halafu akatukaribisha kwa Kiswahili.

Kwa msomaji asiyeijua Dodoma, huko ni nchi kame, yenye mvua haba na jua la kutosha, na mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mzabibu umeipenda hali hiyo. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa atalisikia tu, maana yeye huvuna mara moja. Kilimo chenyewe kilianzia mikononi mwa wamisionari Wakatoliki, na leo kuna kituo cha utafiti cha serikali pale Makutupora, mahali palipoipa jina aina mojawapo ya zabibu nyekundu inayolimwa sana mkoani humo.

Kabla hata ya kuonja, nilikwisha kuanza kazi yangu ya kunasa maneno. Mezani tulikuwa watu wanne, na kila mmoja alikiita kinywaji kile kwa jina lake. Kijana wa mama, aliyesomea utalii, alisema "waini". Mimi nilisema "mvinyo". Mama alisema "divai" kwa iliyomo chupani, lakini iliyomo kwenye tangi aliiita "mchuzi". Nilidhani nimesikia vibaya. Kwetu Kenya mchuzi humwagiwa wali! La hasha, Dodoma nzima husema "mchuzi wa zabibu" kwa kioevu kinachouzwa kwa wingi kabla hakijachujwa na kutiwa chupani. Nimeutafuta msamiati huo vitabuni kwa jina la "divai ghafi" na mengineyo ya aina hiyo, na kumbe watu wenyewe wana lao tangu hapo.

Hayo mengine yana safari zake. Mvinyo ni neno la Kireno, "vinho", lililovikwa kiambishi cha m- ili lipate kukaa katika ngeli ya U-I. Wareno waliingia Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na waliposhindwa na Waarabu wa Omani mwaka 1698 walituachia mvinyo, pipa la kuutia na kopo la kuunywea, maneno yote matatu yakiwa yao. Pwani mvinyo ulipata kumaanisha kileo chochote kikali, na magazeti yetu ya Kenya bado yanaufuata mkondo huo: mtu akilewa chang'aa, mwandishi hukwambia "alibugia mvinyo". Divai, kwa upande wake, huhusishwa na Kifaransa. Wamisionari wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na misa haisomwi bila divai. Na zabibu je? Kwa Kiarabu "zabib" ni zile zilizokaushwa. Tunda bichi lina jina jingine kabisa. Tulipokea jina la tunda kavu tukalipa tunda bichi, bila shaka kwa sababu jahazi lilituletea kavu kwanza. Ndiyo maana leo tunalazimika kusema "zabibu kavu", jambo ambalo Mwarabu akilisikia atatabasamu.

Haya, tukaonja. Kijana akamimina kidogo katika kila bilauri, akatwambia tuinamishe juu ya kitambaa cheupe tutazame rangi, kisha tuizungushe, kisha tunuse. Akavuta pumzi, akasema, "Hii inanuka vizuri sana."

Mama akamkata kalima. "Mwanangu, inanukia. Ikinuka tutaimwaga."

Nilitamani nimwachie mama yule somo langu la mofolojia kwa muhula mmoja. Kosa la kijana si lake peke yake. Nalisikia kila siku Nairobi, katika matangazo ya sabuni, na hata madarasani. Kiambishi kimoja, -i-, ndicho kinachotenganisha uvundo na manukato. Kitu kinachonuka kina harufu mbaya. Kinachonukia kina harufu njema. Kuongeza "vizuri" baada ya "kunuka" ni kumpaka marashi samaki aliyeoza. Mtu anayetaka kueleza harufu ya divai kwa Kiswahili basi ameshapewa nusu ya kazi na kitenzi chenyewe, kabla hajatafuta kivumishi.

Tukapiga funda. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa mdomo hatuna umaskini wowote. Unapiga funda, unasukutua kidogo ili kinywaji kifike pande zote za ulimi, kisha unatema kwenye ndoo. (Sikutema. Nimelelewa Kilifi, na kwetu kutema alichokupa mwenyeji ni utovu wa adabu. Mwenyeji wangu alinicheka njia nzima.) Ile nyeupe ilikuwa na ugwadu wa embe changa lililokaribia kuiva. Ile nyekundu ilinishika mashavu kwa ndani, ulimi ukawa kama umepitishwa kwenye ganda la mti. Kijana akaanza kueleza hali ile kwa Kiingereza, akitaja kemikali zilizomo katika ganda na kokwa za zabibu. Mama akasema neno moja tu: "Ukakasi."

Msomaji wa Pwani ananielewa. Ukila bibo la mkorosho, au ndizi mbichi, kinywa hukauka na kukunjamana. Huo ndio ukakasi. Zabibu nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, na maganda ndiyo yanayotoa rangi na ukakasi. Nyeupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, kwa hiyo ukakasi wake ni mdogo. Kwa bahati mbaya wanasiasa wa Tanzania wamelipora neno hili. Siku hizi "suala lenye ukakasi" ni suala lenye utata. Lakini mdomo ndio mwenye neno, wanasiasa wameazima.

Nitakiri kwamba hata msomaji asiyegusa kileo, na najua ni wengi, ana haki na msamiati huu, kwa sababu haukuzaliwa kwenye divai. Umezaliwa kwenye embe, bibo, ukwaju na dafu. Tulichokosa ni mazoea ya kuutumia tunapozungumzia vinywaji. Kuhusu kulewa tuna utajiri wa kutisha: mtu hupiga mtindi, hupiga maji, hulewa chopi, hulewa chakari. Kuhusu ladha ya alichokunywa hatusemi kitu.

Ikafika chupa ya tatu, nyekundu isiyo na sukari, nami nikaona ndiyo nafasi ya kuonyesha usomi. Nikamwambia mama, "Hii ndiyo tunayoiita mvinyo mkavu."

Akaitazama bilauri, akanitazama. "Mkavu? Profesa, mbona nakuona unaunywa?"

Banda zima likacheka, na mimi pia. Mama kisha akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mjukuu, kinachotokea ndani ya tangi. Chachu hula sukari ya zabibu. Ikila inatoa kilevi na hewa ile inayofanya mapovu. Takriban gramu 17 za sukari katika kila lita hugeuka kuwa kilevi cha asilimia moja. Ukiiacha chachu ile mpaka imalize, sukari imekwisha, kilichobaki si kitamu. Ukiisimamisha njiani, utamu unabaki. Hakuna kinachokauka.

Nilimkumbuka marehemu mjomba wangu, aliyekuwa mgema. Tembo la asubuhi, likitoka mnazini, lilikuwa "tembo tamu", na hata sisi watoto tulionjeshwa. La jioni lilikuwa "tembo kali". Likilala mno likawa siki. Mjomba hakuwahi kusoma kemia, ila alikuwa na majina matatu kwa hatua tatu za kazi ya chachu, na mimi mwenye shahada tatu nilikwenda kuazima jina kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Tulikuwa bado tunacheka lilipoingia pikipiki la magurudumu matatu, likiwa limepakia kreti kumi na mbili za zabibu. Mkulima aliyeshuka, mtu wa makamo, hakuwa akicheka. Alikuwa ametoka kwa mnunuzi mwingine, mkubwa, aliyezikataa zote.

"Wamesema briksi ndogo," alisema. "Nikawauliza, briksi ni nini? Wakaniambia, briksi ni briksi."

Mama akachukua kifaa mfano wa darubini ndogo, akaminya zabibu moja, tone likaanguka kwenye kioo. Akakielekeza juani, akatazama, halafu akafanya jambo ambalo mnunuzi yule hakulifanya: akampa mkulima atazame mwenyewe. "Umeona mstari ulipofika? Kumi na saba. Utamu haujatimia, baba. Mimi nataka ifike ishirini na moja, ishirini na mbili."

Yule bwana alitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ni utamu? Wangeniambia utamu haujatimia ningeziacha mtini. Niliogopa mvua, nikavuna."

Uzito wa kauli hiyo haukunifikia mara moja. Ndizi ukiivuna changa unaivundika, inaiva. Embe vilevile. Zabibu haivundikwi. Ikishakatwa mtini, utamu wake umekoma pale pale ulipofika. Ukiiweka wiki nzima itanyauka au itaoza, haitaiva. Kwa hiyo mkulima anayeambiwa "briksi" na asielewe hawezi kurekebisha kitu siku ile, na pengine hatarekebisha msimu ujao pia.

Na neno lenyewe halina maana ya kufichua! Brix ni jina la mtu tu, Adolf Brix, Mjerumani wa karne ya 19 aliyeshughulika na vipimo vya sukari katika kioevu. Digrii moja ni gramu moja ya sukari katika gramu mia za maji ya tunda. Hata Mwingereza haambiwi chochote na jina hilo mpaka aelezwe.

Nilipotaka kuchangia nikamwambia mama kwamba kisayansi ingefaa zaidi kusema "kipimo cha sukari", kwa kuwa utamu ni hukumu ya ulimi ilhali sukari ni kitu kinachopimika. Zabibu yenye ugwadu mwingi inaweza kuficha sukari nyingi. Akaniambia, "Ukisema kipimo cha sukari hapa, watu wanakwenda hospitali." Ni kweli. Kupima sukari kumekwisha kutwaliwa na kisukari. Nikanyamaza, nikaandika "utamu" daftarini.

Mama alinunua kreti nne kwa ajili ya siki, kwa bei ya chini kuliko ya divai lakini si ya kumtupa mtu. Nane zilizobaki bwana yule alisema atazipeleka stendi ya mabasi, abiria wazile njiani. Kabla hajaondoka, alikiomba tena kile kifaa, akaminya zabibu nyingine, akatazama upya, kana kwamba namba ingebadilika.

Niliporejea nyumbani nilipiga simu kwa ile hoteli. Nikawaambia wafute "mvinyo mkavu" waandike "divai isiyo tamu" mpaka tupate neno bora. "Divai kali" nimelikataa kwa sasa kwa kuwa mteja atadhani ina kilevi kingi. Mhusika alinisikiliza kwa adabu. Akasema menyu mpya zimeshatoka kwa mchapishaji wiki iliyopita, na kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuuliza neno lile lina maana gani. Huagiza kwa kunyoosha kidole.