Ratiba ya Ujenzi na Asilimia Zisizotaja Tarehe

Ratiba ya mradi huanza kuandikwa kwa swali la utegemezi, yaani kujua kazi ipi haiwezi kuanza mpaka ipi iishe, na tarehe ambazo watu wengi huzidhania kuwa ndiyo ratiba yenyewe huja mwisho kabisa, baada ya kazi kupangwa kwa kufuatana na kila moja kukadiriwa siku zake. Mpangilio huo ukigeuzwa, tarehe ya uzinduzi ikatangulia na kazi zikabanwa zienee ndani yake, kinachopatikana ni matumaini yaliyochorwa kwenye karatasi.

Igoma, kata iliyo upande wa mashariki wa Jiji la Mwanza kando ya barabara iendayo Magu na Musoma, ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, kwa kuwa viwanja vinajengwa kila upande na mwenye nyumba, mara nyingi, ndiye msimamizi wa mradi wake bila kujiita hivyo. Ichukuliwe nyumba ya kawaida ambayo msingi wake umekadiriwa siku 14, kupandisha kuta siku 12, kufunga linta na kuiacha ikomae siku 7, kupaua siku 10 na kupiga plasta siku 12. Kazi hizi tano hufuatana bila njia ya mkato, hivyo jumla yake ni siku 55, na huo ndio muda mfupi kabisa ambao nyumba hiyo inaweza kufika hatua ya plasta. Mlolongo wa namna hiyo, ulio mrefu kuliko mingine yote ndani ya mradi, huitwa njia muhimu, na sifa yake ni kwamba siku moja ikipotea popote ndani yake, nyumba nzima huchelewa siku moja.

Zipo kazi nyingine zisizo na ukali huo. Fundi wa kuchomelea anaweza kupima nafasi za madirisha mara kuta zinapokamilika, siku ya 26, akahitaji siku 8 kutengeneza grili zinazotakiwa ziwe zimefungwa kabla plasta haijaanza, yaani mwisho wa siku ya 43. Ana siku 17 kwa kazi ya siku 8, na zile 9 zinazobaki ndizo wapangaji wa miradi huziita muda wa akiba. Akichelewa wiki nzima hakuna kitakachoharibika, lakini akichelewa siku 10 amekwisha kuingia kwenye njia muhimu na kuisogeza nyumba kwa siku moja. Shimo la choo, linalohitaji siku 10 na linaloweza kuchimbwa wakati wowote ndani ya zile 55, lina akiba ya siku 45. Mwenye nyumba anayegombana na mchimba shimo huku mbao za kupaulia hazijanunuliwa anaitumia hasira yake mahali pasipo na faida.

Mbinu hii ina historia fupi kuliko inavyodhaniwa. Karol Adamiecki wa Poland alibuni michoro ya kuoanisha kazi mwaka 1896, na Mmarekani Henry Gantt akaieneza katika miaka ya 1910 chati yenye mistari ya kulala, ambapo urefu wa mstari ni muda wa kazi. Hesabu ya njia muhimu ilikuja mwaka 1957, pale Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walipotafuta namna ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda kwa kutumia kompyuta.

Hesabu ya siku peke yake, hata hivyo, haitoshi. Fundi mmoja hawezi kuwa kwenye nyumba mbili, na fedha inayopatikana kidogo kidogo, kwa mshahara, mauzo ya dukani au mgao wa kikoba, huamua mwendo wa kazi kuliko utegemezi wa kihandisi. Mvua nazo zina hesabu yake: msingi uliochelewa siku chache tu hadi ukakutana na masika ya Machi hadi Mei unaweza kugharimu wiki kadhaa. Tena zipo kazi zisizoharakishwa kwa kuongeza vibarua, kwa maana zege hupimwa nguvu zake kamili kwa desturi baada ya siku 28, na watu ishirini wakisimama pembeni yake haitakomaa mapema.

Kwa kipimo cha njia muhimu inafaa kuitazama miradi mikubwa ya ukanda huu. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3 na lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, lilianza kujengwa Februari 2020 kwa mkataba wa miezi 48, mwezi mmoja tu kabla ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa nchini, na likazinduliwa tarehe 19 Juni 2025, takribani miezi 16 baada ya muda wa awali. Njia muhimu ya daraja la aina hiyo hupita majini: nguzo za chini huzamishwa katika sakafu ya ziwa, juu yake huja vitako vya zege, kisha nguzo za juu, kisha sitaha, na lami na taa mwishoni. Barabara unganishi za nchi kavu zinaweza kusonga sambamba na hayo yote, na kwa kawaida huwa na akiba kubwa.

Ndiyo maana taarifa ya kwamba mradi umefikia asilimia 85 au 90, inayorudiwa katika kila ziara ya viongozi, haisemi lini utakwisha. Asilimia hiyo mara nyingi hutokana na wingi au thamani ya kazi iliyofanyika, ikichanganya ya njia muhimu na isiyo ya njia muhimu, na sehemu ndogo inayobaki inaweza kuwa ndiyo yenye kazi zinazosubiriana zaidi. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021 kwa mkataba wa miezi 36, nayo ilivuka muda huo ikiwa na asilimia nyingi za kutangaza na bila treni ya kupanda.

Katika mikataba ya ujenzi tofauti kati ya njia muhimu na akiba ni suala la fedha. Mkandarasi anayeomba nyongeza ya muda hutakiwa kwa kawaida kuonyesha kwamba kikwazo alichokutana nacho, iwe mvua isiyo ya kawaida au eneo kukabidhiwa kwa kuchelewa, kiliigusa tarehe ya mwisho na hakikuishia kwenye akiba. Akishindwa, hukatwa fidia ya ucheleweshaji kwa kila siku inayozidi. Kwa sababu hiyo ratiba ya kwanza haifutwi mpya inapoidhinishwa, kwani bila nakala yake hakuna anayeweza kuthibitisha ni siku ngapi zilipotea, wala mikononi mwa nani.