Haidrojeni ya kijani: Micheweni inahitaji meza moja kwanza

Oman, nchi ambayo Wapemba wengi wana jamaa zao, imejiwekea lengo la kuzalisha tani milioni moja kwa mwaka za haidrojeni ya kijani, ile inayopatikana kwa kupasua maji kwa umeme wa jua au upepo, ifikapo 2030. Jua na upepo hata sisi tunavyo. Kilichowapa wao mwendo ni uamuzi wa 2022 wa kuunda Hydrom, kampuni ya serikali inayopanga maeneo ya Duqm na Dhofar, kuyanadi kwa wawekezaji na kusimamia miundombinu ya pamoja. Mwekezaji ana mlango wa kubisha hodi.

Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ilitangazwa eneo huru la uchumi tangu 1992, hekta zipatazo 808 kando ya bahari. Ardhi hiyo iko chini ya ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar. Umeme ni wa ZECO, inayoununua kwa TANESCO. Maji ni ya ZAWA, udhibiti wa nishati uko ZURA, na mazingira ni ya ZEMA. Mradi wa haidrojeni unazigusa taasisi zote hizi tangu siku ya kwanza.

Chukua kilo moja tu ya haidrojeni. Inataka maji safi yasiyopungua lita 9, na umeme uniti 50 hivi za kuyapasua. Waya wa baharini kutoka Tanga, uliowashwa 2010 ukaiondolea Pemba utegemezi wa majenereta ya Wesha, ulijengwa kubeba megawati 20 hivi. Uelekeze wote kwenye mtambo, Wete na Chake Chake zikae kiza, utapata kilo 400 kwa saa. Na bado haitakuwa ya kijani, kwa kuwa umeme wa gridi umechanganyika na wa gesi. Kwa hiyo lazima zifungwe paneli na mitambo ya upepo ya mradi wenyewe, na maji yatoke baharini, yasiguse visima vya wanavijiji. Hilo ZECO haiwezi kulipanga peke yake, wala ZAWA; lazima taasisi zote hizi zikae meza moja.

Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, ikatanguliza kuitumia kutengeneza mbolea ya wakulima wake. Nasi tuanze na mahitaji ya nyumbani.

Mezani wawemo pia kina mama wa mwani wa Kiuyu na Maziwang'ombe. Maji ya bahari yakishachujwa, hubaki maji ya chumvi kali yanayorudishwa pwani, na mwani huumia chumvi ikizidi. Bomba la maji hayo litamwaga wapi? Hilo liamuliwe nao kabla ZIPA haijatia saini mkataba wowote.